Fomu Kumi na Moja za Vénantie

"Wananchi wa Gisenyi! Leo historia inafungua ukurasa mpya! Kuanzia sasa, maombi ya namba ya simu hayatakwenda tena Kigali kwa gari. Yatakwenda kwa kompyuta, kwa waya, kufumba na kufumbua! Barua za mkono zimekwisha. Mwenye swali lolote apige simu ofisini kwetu!"

Mkuu wa ofisi ya simu alikunja karatasi yake akangoja makofi. Watu kama mia moja walikuwa wamesimama mbele yake juani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na simu. Ndiyo maana walikuwa pale.

"Tutakupigia na nini, patron? Na kiatu?" akauliza mzee mmoja wa Rugerero.

Watu wakacheka. Mkuu akaingia ndani. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1998.

Vénantie hakucheka. Alikuwa mjane, na kila asubuhi alivuka mpaka kwenda Goma kuuza viazi na vitunguu. Simu aliitaka kwa sababu moja tu. Mama yake mzazi, bibi Mukandori, alikuwa Bujumbura, kwa binti yake mwingine, Cansilde, aliyeolewa mtaa wa Buyenzi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Barabara ya kwenda huko ilikuwa ya hatari, mabasi yalikuwa yanashambuliwa. Mume wa Cansilde alikuwa na simu dukani. Vénantie hakuwa nayo.

Kwa hiyo Cansilde alipiga dukani kwa Bizumuremyi, jirani wa Vénantie. Na Bizumuremyi alileta habari alipojisikia.

"Mama Régis, dada yako alipiga."

"Lini?"

"Si juzi? Ao mbele ya juzi."

"Na we unaniambia leo?"

"Bon, mi ni mutu wa duka, si mutu wa posta. Alisema mama yenu anataka kusikia sauti yako tu. Alisema atapiga tena Jumapili, saa ine."

"Jumapili ilikuwa jana!"

"Ndiyo. Alipiga. Nikamwambia hauko."

Siku ileile Vénantie alikwenda ofisi ya simu. Hakujua kusoma, kwa hiyo alikwenda na mwanawe. Régis alikuwa na miaka kumi na sita, anasoma shule ya bweni, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Ukutani palikuwa na karatasi ndefu yenye muhuri, kwa lugha tatu. Ya tatu ilikuwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wa mpakani.

Régis aliweka mikono nyuma. Akakohoa. Akasoma kwa sauti ya askofu:

"Kwanza, andika jina lililo kwenye kitambulisho. Pili, eleza nyumba yako iko wapi na jirani zako ni nani. Tatu, tia fomu ndani ya sanduku. Nne, kila Jumatatu mwombaji arudi akiwa amevaa nguo safi, ajaze fomu mpya, ili kompyuta isimsahau."

"Nguo safi?" akauliza Vénantie.

"Kompyuta ni mutu mukubwa, mama."

Vénantie alitikisa kichwa kukubali. Jambo hilo halikumshangaza. Wakati wa barua za mkono mambo yalikuwa hivyohivyo. Barua zilirundikwa mezani, na mkuu alisoma ya juu. Ya chini ilizeeka hapo. Mwenye akili alileta barua nyingine kila wiki, ili yake iwe juu.

Kwa hiyo kila Jumatatu Vénantie hakwenda Goma. Alipiga pasi kitenge chake cha kanisani, akaenda kujaza fomu, akaitia ndani ya sanduku. Régis alimjazia mbili, kisha likizo ikaisha, akarudi shuleni. Zilizofuata alijaziwa na Théogène, mwandishi wa barua aliyekaa mlangoni pa ofisi. Théogène aliandika alichoambiwa. Kuuliza haikuwa kazi yake.

Mwezi wa tatu, Jumatatu ya kumi na moja, msichana mmoja alitoka chumba cha nyuma. Aliitwa Murekatete, na ndiye aliyechapa fomu kwenye kompyuta.

"Mama, we ndiye Vénantie wa viazi?"

"Ni mimi."

"Jina lako nimelichapa mpaka vidole vinalijua. Sababu gani unaleta fomu kila wiki?"

"Ili kompyuta isinisahau."

Murekatete alimvutia kiti.

"Kompyuta haisahau, mama. Fomu yako ya kwanza iliingia tarehe ine, mwezi wa kwanza. Siku ile ulikuwa mutu wa kumi na ine. Ukaleta ya pili. Kompyuta ikaona ni mutu yuleyule. Ikafuta ya zamani, ikashika ile mupya, na tarehe mupya. Donc ukawa wa mwisho. Kila Jumatatu unatoka kwenye mustari na miguu yako mwenyewe, unaenda kusimama nyuma."

Vénantie alitazama fomu iliyokuwa mkononi mwake.

"Na wale waliokuwa nyuma yangu siku ile?"

"Wengi wao wana simu, mama."

"Na mimi leo ni wa ngapi?"

"Nikichapa hii, wa mia moja na sita. Ukiipasua, unabaki wa tisini na nane."

Vénantie aliipasua.

"Vizuri," akasema Murekatete. "Fomu ni moja tu. Ukiisha kuitoa, unaomba karatasi yenye namba ya ombi lako. Hii hapa, ichunge. Ukitaka habari, leta karatasi hii, usilete fomu. Yote iko ukutani pale."

"Basi mulibadilisha karatasi ya ukutani," akasema Vénantie. "Mutoto wangu alinisomea vizuri. Anasoma internat. Hawezi kukosea."

Murekatete aliitazama karatasi ya ukutani, kisha akarudi chumba cha nyuma.

Vénantie alichunga karatasi yake, akangoja. Mwezi wa tano Bizumuremyi alikuja mbio, kofia mkononi. Safari hii alileta habari saa ileile.

"Mama Régis, kaa kwanza," akasema.

Bibi Mukandori alikuwa amefariki alfajiri. Cansilde alisema siku zake za mwisho aliuliza swali moja tu: kama simu ya Vénantie imeshafika.

Ilifika wiki saba baadaye. Mafundi walivuta waya, wakaweka simu nyeusi mezani, wakampongeza. Vénantie alimpigia Cansilde. Dada hao wawili walilia mpaka laini ikakatika.

Baada ya hapo alijiandikisha darasa la kusoma la watu wazima, pale parokiani. "Sitaki kusomewa tena," alisema. Wanawake wenzake wa sokoni walimfuata. Jirani yake Belyse alipotaka simu, Vénantie alimpeleka mwenyewe. Fomu moja, karatasi moja yenye namba, basi. Belyse alipata simu kwa wiki tisa, na wengine wa mtaa wakafanya vilevile.

Siku aliyompeleka, akimngoja Belyse ajaze fomu, Vénantie alisimama mbele ya ukuta, kidole kikifuata maneno. Karatasi ilikuwa ileile. Muhuri uleule, na tarehe ya chini ilikuwa ya mwisho wa mwaka 1998. Alisoma mstari wa nne mara tatu. Kisha akarudi nyumbani akapiga simu shuleni kwa Régis.

Régis aliitwa ofisini kwa mkuu wa nidhamu. Alifurahi. Hakuwahi kupigiwa simu maishani.

"Allô, mama!"

"Sikiliza. Ninasoma," akasema mama yake. Akasoma polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "O-mba ma-ra mo-ja tu. Fo-mu m-pya i-na-fu-ta ya za-ma-ni."

"Félicitations, mama! Unasoma vizuri sana!"

"Sasa ni zamu yako. Nisomee ule mustari wa Jumatatu."

Hapa inanibidi niache kuandika "Régis". Niliandika hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuandika "mimi". Mstari wa Jumatatu haukuwepo. Niliutunga palepale, nikingoja mama acheke. Hakucheka, aliamini. Ningeweza kumwambia njiani tukirudi. Ningeweza kumwambia Jumatatu iliyofuata, nilipomwona anatia makaa ndani ya pasi. Lakini niliona inachekesha, na shuleni niliwasimulia wenzangu, nao wakacheka sana.

"Haukuwa pale, mama," nikasema. "Niliutunga mi."

Hakunitukana.

"Bon," akasema. "Rudi darasani."

Akakata simu.