Mimba Iliyofichwa Kliniki

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Ukungu ulikuwa umeifunika Makambako, na baridi iliuma hadi kwenye mifupa.

Romanus alisimama mlangoni na koti lake, akiwasubiri wanawake wawili wasiokwisha kujiandaa. Mkewe, Emerensiana, alikuwa na saratani ya titi. Kila wiki tatu alikwenda Njombe kutundikiwa dripu ya dawa inayolenga seli za saratani. Sasa alikuwa na mimba, na nyumba nzima ilikuwa imefumba midomo.

"Mama, leo tuseme," Romanus alisema kwa mara ya kumi.

"Mimba huitangazi wewe," alijibu mama yake, Lucia. "Nyumba hii mama mkwe ndiye husema, tena baada ya miezi minne. Unataka wenye macho mabaya waijue?"

"Nesi ana macho mabaya?"

"Nesi si mtu?"

Romanus alitazama juu. Ee Mungu, nipe uvumilivu, maana mama huyu ndiye uliyenipa.

Kliniki, nesi Hyasinta alifungua faili, akamsalimu Emerensiana kwa Kibena. "Kamwene, dada. Hedhi ya mwisho lini?"

Emerensiana alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama dari.

"Juzijuzi," Emerensiana alinong'ona.

Nesi akachukua sindano. Uvumilivu ukamwishia Romanus.

"Ana mimba! Miezi mitatu! Mbona mnanitesa?"

Sindano ikarudi kwenye trei.

"Dripu zote hizi mmepokea kimya?" nesi alifoka. "Dawa hii inaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Maji yakipungua, mapafu yake hayakui vizuri. Si tuliwaambia mtumie uzazi wa mpango, hadi miezi saba baada ya dripu ya mwisho?"

Emerensiana akalia. "Basi naacha matibabu."

"Nani kasema uache? Saratani haitakungoja! Inayosimama ni dripu hii tu, hadi ujifungue. Daktari atapima maji kwa ultrasaundi, kisha achague tiba nyingine. Zipo dawa za saratani zinazoweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza."

Maji yalikutwa ya kutosha. Emerensiana alipewa tiba nyingine, akapimwa mara kwa mara. Desemba akajifungua Beatha, mwenye sauti kali kama ya bibi yake. Kisha dripu ikarudi, na mtoto akanyweshwa maziwa ya kopo, kama daktari alivyoelekeza.

Siku ya shukrani, wanajumuiya walijaa sebuleni. Lucia alisimama na mjukuu mkononi.

"Mnisikie wote. Na Romanus asikie vizuri, maana alinipigia kelele mbele za watu. Naahidi mbele yenu: hakuna mkwe wangu atakayemficha nesi mimba kwa ajili yangu. Nesi aambiwe wa kwanza. Mimi nitakuwa wa pili."