Ujumbe Ambao Msasa Hakuufikisha

Kila siku baada ya masomo, Msasa alipitia karakana ya useremala ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Aliweka mkoba juu ya rundo la mbao, akashika ufagio na kuanza kufagia maranda. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini tangu alipojua kusema watu walimwita Msasa kwa sababu ulimi wake ulikwaruza. Ukimletea maneno ya kipuuzi, alikukwaruza mpaka ukalainika.

Karakana ilikuwa ya ndugu wawili, tumbo moja. Baba yake Msasa ndiye mkubwa, na Baba Mdogo ndiye aliyemfuata. Katikati ya chumba palikuwa na meza ya chuma yenye msumeno wa umeme. Msumeno ule ulihitaji watu wawili: mmoja alisukuma ubao na mwingine akaupokea upande wa pili. Kwa miaka kumi na minne Baba alisukuma, Baba Mdogo akapokea, na utani haukukatika hata msumeno ulipokuwa ukinguruma.

Muhula ule walikuwa na kazi kubwa ya kutengeneza madawati thelathini kwa ajili ya darasa la sita, darasa la Msasa mwenyewe. Wanafunzi walikaa sakafuni, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

"Madawati yasipofika," mwalimu mkuu alionya, "mtaandika mmelala kifudifudi kama mijusi."

Wenzake Msasa walimcheka. "Binti wa seremala, mbona unapiga goti kama sisi?"

"Subirini," Msasa alijibu. "Mkikaa kwenye dawati la baba yangu mtasahau hata kusinzia."

Basi wakati huohuo ukaja uchaguzi. Baba akawa mtu wa chama cha Ngazi, Baba Mdogo akawa mtu wa chama cha Kikapu. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya soko. Meza za soko zilibana njia ya kwenda zahanati, hata gari la wagonjwa halikuweza kupita. Wa Ngazi walisema soko livunjwe na njia ipanuliwe. Wa Kikapu walisema akina mama wa sokoni wasiguswe.

"Mgonjwa atafia njiani!" Baba alisema.

"Na akina mama wakale nini, mawe?" Baba Mdogo alijibu. "Hiyo ngazi yenu haina hata ukuta wa kuegemea!"

"Na kikapu chenu kimetoboka, hakishiki hata viazi!"

Mwanzoni walicheka. Kisha siku moja Baba Mdogo akakuta picha ya mgombea wake imetumika kufungia misumari. Baba alidai hakuiangalia, alichukua karatasi tu. Baba Mdogo akamwita kaka yake kibaraka, Baba akamwita mdogo wake mjinga wa kununuliwa kwa fulana. Yakatoka na mengine yasiyofaa kuandikwa. Jioni ile Baba Mdogo alibeba vifaa vyake akahamia chumba cha nyuma, na tangu hapo hawakusemezana.

Kitendawili: majirani wawili wanaiona dunia yote, lakini wao kwa wao hawaonani. Hata mtoto wa darasa la kwanza atajibu kwamba ni macho. Sawa, lakini macho yana pua katikati, na pua ya karakana ile alikuwa Msasa.

"Msasa! Mwambie huyo wa Kikapu miguu ya madawati ameikata kama mlevi. Apunguze nusu inchi!"

Msasa aliingia chumba cha nyuma. Hakupenda kuona sura ya Baba Mdogo ikikunjamana, kwa hiyo akatia sukari. "Baba anasema miguu ni mizuri."

"Leo kaamka na akili," Baba Mdogo alisema. "Mwambie bado ni mpumbavu."

Msasa akarudi mbele. "Baba Mdogo anakushukuru."

Aliona anafanya kazi njema. Kila mmoja alipata neno tamu, na hakuna aliyepandisha sauti. Lakini ile nusu inchi ilipotelea kwenye sukari. Madawati sita ya kwanza yalipounganishwa, yaliyumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

Baba alipiga teke mguu wa dawati. "Nilisema nusu inchi! Wewe mtoto ulimwambia nini?"

Baba Mdogo akachungulia mlangoni. Hakumtazama kaka yake, alimtazama Msasa. "Mimi niliambiwa ni mizuri. Kumbe na wewe ni wa Ngazi? Unanichimbia shimo?"

"Wa Ngazi wapi!" Baba akafoka, naye akimwangalia Msasa tu. "Huyu anatumwa na Kikapu aniharibie kazi!"

Msasa alisimama kati yao na ufagio mkononi, masikio yakimwaka moto. Watu wazima wawili walikuwa wakitukanana kupitia uso wake, kama watu wanaotupiana mawe juu ya ukuta na ukuta wenyewe ni yeye. Siku zilizobaki zilikuwa tisa. Madawati yaliyosimama imara hayakuwa hata moja.

"Sibebi tena!" alisema moyoni. "Wana midomo. Waambizane wenyewe."

Kesho yake mchana Baba alikagua msumeno akashtuka. Kile chuma kinachouongoza ubao kilikuwa kimelegea, skrubu yake imeliwa. Alivaa kofia yake ya Ngazi aende duka la vifaa.

"Msasa, mwambie baba yako mdogo asiwashe msumeno mpaka nirudi. Chuma kimelegea, ni hatari. Umesikia?"

"Nimesikia," Msasa alijibu.

Kusikia alisikia. Lakini hasira ya jana ilikuwa bado haijamtoka. Alitoka nje, akaketi juu ya mbao na kufungua daftari la hesabu. Chumba cha nyuma kilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Hakuinuka.

Punde akasikia msumeno ukinguruma; Baba Mdogo alikuwa ameuwasha peke yake. Aliruka, daftari likaanguka. "Baba Mdogo! Zima! Zi..."

Alichelewa. Ubao ulikwenda upande, msumeno ukaudaka na kuurusha nyuma, na kiganja cha kushoto cha Baba Mdogo kikateleza penye meno. Msasa aliufikia ukuta akazima umeme. Baba Mdogo alikuwa ameketi juu ya maranda, ameushika mkono, na maranda yanageuka mekundu.

Baba alikuta hali hiyo akiwa na skrubu mpya mkononi. Alivua shati akalizungusha kwenye mkono wa mdogo wake, akambeba na kumlaza kwenye mkokoteni wa mbao.

"Tangulia, Msasa! Piga kelele!"

Njia ya zahanati ilipita sokoni, na sokoni hapakuwa na njia. Meza iligusana na meza, na mkokoteni ukakwama mbele ya muuza nyanya, mwanamke mwenye sauti ya kengele.

"Kofia ya Ngazi hiyo!" alipiga ukelele. "Unapita wapi, bwana? Si mnatuvunjia? Haya, vunja upite!"

"Vunja upite!" wenzake wakaitikia.

"Mama, kuna damu!" Msasa alilia. "Tazama kwanza!"

Muuza nyanya aliinama akaona. "Mungu wangu, ni fundi wetu! Nyie, inueni meza! Nyanya ziache zianguke!"

Wakainua. Meza moja, mbili, ya tano, ya kumi, vitunguu vikibingirika mtaroni, wanawake wakipokezana gurudumu kila liliponasa. Walikwenda haraka kadiri walivyoweza, lakini mwendo wa dakika tatu uliwachukua ishirini, na lile shati lililowa lote.

Zahanatini walimkuta Shangazi. Alikuwa muuguzi pale, tena dada mkubwa wa ndugu hao wawili. Alimlaza Baba Mdogo, akamchoma sindano ya ganzi, akashona nyuzi kumi na moja. Vidole vilipona vyote. Alipofunga bendeji ndipo alipoinua uso.

"Ilikuwaje?"

"Nilikataza asiwashe!" Baba alisema.

"Hukunikataza!" Baba Mdogo akajibu kitandani. Lilikuwa neno lao la kwanza ana kwa ana kwa zaidi ya wiki.

"Nilimtuma mtoto!"

Wote watatu wakamgeukia Msasa. Angeweza kusema alisahau. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Akautazama ule mkono uliofungwa, akaumeza.

"Sikumwambia," alisema. "Nilisikia vizuri, nikakaa kimya makusudi. Hata ile nusu inchi sikuisema, nilisema miguu ni mizuri. Nilikuwa nawadanganya wote wawili ili msikasirike. Halafu mkanikasirikia mimi! Kila siku matusi yenu yanapitia kwangu! Nimechoka!" Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya hasira kuliko ya huzuni. "Nisamehe, Baba Mdogo."

Baba alifungua mdomo. Shangazi akamwelekezea mkasi.

"Wewe funga huo mdomo kabla sijaushona, uzi bado ninao! Msasa, umekosa. Umekosa sana. Neno la hatari halisubiri hasira zako ziishe. Hilo utalibeba, wala sitakupunguzia." Kisha akawageukia wadogo zake. "Lakini nyinyi wenye ndevu! Mtoto wa miaka kumi na miwili mmemfanya bomba la kumwagia taka, leo mnashangaa limeziba?"

"Dada, chama chao ndicho..."

"Sikuuliza chama, nauliza njia! Njia ile ni nyembamba au si nyembamba?"

"Ni nyembamba," Baba Mdogo alisema polepole. "Nilidhani sitafika."

"Na meza zimeinuliwa na nani?"

Baba alitazama chini. "Akina mama."

"Ambao unataka wafukuzwe bila kuonyeshwa pa kwenda. Kila mmoja wenu ana kipande cha ukweli, na amekikalia kama kuku anayeatamia yai viza. Hakuna anayesikiliza kinachosemwa, mnaangalia tu kimesemwa na nani. Hata onyo la msumeno linapita kwa mjumbe! Tokeni mbele yangu. Mgonjwa abaki."

Siku ya pili yake Baba Mdogo aliletwa karakanani, akaketi kwenye kigoda karibu na msumeno, mkono ukining'inia shingoni. Baba alikaza skrubu mpya, akasafisha koo mara tatu kama injini ya asubuhi.

"Inchi ngapi?" aliuliza.

"Unamuuliza nani?"

"Nakuuliza wewe. Kuna mwingine hapa?"

"Nusu inchi. Na usikate kama mlevi."

Fundi jirani alikuja kupokea mbao. Walifungua yale madawati sita, wakapunguza nusu inchi, wakaunganisha upya. Msasa alipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, wala hakulalamika. Madawati thelathini yaliingia darasani asubuhi ya mtihani, mawili ya mwisho hayajapakwa vanishi. Msasa alikaa kwenye moja la hayo mawili. Vibanzi vilinasa sketi yake, lakini dawati halikuyumba.

Kabla ya kupiga kura, ndugu wale walikwenda sokoni na futi ya tepu. Walipima na kupima tena. Meza zikirudishwa nyuma hatua mbili, na mtaro ukifunikwa kwa mbao nene, gari linapita na hakuna mama anayefukuzwa. Waliandika barua kwa diwani, wote wawili wakatia sahihi, muuza nyanya akawa wa tatu. Malipo yao yalikuwa matusi. Watu wa Ngazi walimwita Baba msaliti. Watu wa Kikapu walimwita Baba Mdogo kigeugeu. Wakapiga kura, kila mtu kwa chama chake kilekile.

Wiki iliyofuata Shangazi alikuja karakanani kutoa nyuzi. Alimkuta Msasa amesimama nje ya mlango, na ndani sauti mbili zinapasua bati.

"Diwani wenu hata kujibu barua hawezi!"

"Na wenu angejibu nini, hajui hata kusoma!"

"Shangazi, wameanza tena," Msasa alisema. "Niingie niwatulize?"

Shangazi alisikiliza kidogo. "Wanasemezana wenyewe?"

"Ndiyo. Uso kwa uso."

"Basi waache. Kugombana juu ya barabara hakujaua mtu. Kinachoua ni kumnyima mwenzako neno la kweli kwa sababu ya kofia aliyovaa." Akamshika bega. "Nawe sikiliza, kwa sababu maisha yatakuweka katikati mara nyingi. Watu wengi wanadhani kukaa katikati ni kumpaka kila mtu asali, au kufumba mdomo na kungoja. Ulijaribu yote mawili, na umeona yaliyotokea. Anayekaa katikati anamwambia huyu ukweli wake na yule ukweli wake, hata wote wawili wakimkasirikia. Na watakukasirikia, mwanangu. Waambie hivyohivyo."

Kisha akausukuma mlango, akaingia kutoa nyuzi.