Mstari wa Pumzi Moja

Haya hayakunikuta mimi, yalimkuta shoga yangu anayesomea uimbaji chuo kikuu, na tangu anisimulie, mwanangu simwachi chumbani peke yake hata nikienda kuanika nepi. Mtihani ulikuwa kesho yake, akifeli anafukuzwa, na kulikuwa na mstari mmoja mrefu ambao kila siku ulimshinda kuumaliza kwa pumzi moja. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye mdomo wa pilipili, akamsukumiza kwenye chumba cha mazoezi kisicho na dirisha.

"Unahema kama pampu ya baiskeli! Hutoki humo mpaka uumalize!"

Akafunga mlango, akasimama nje kusikiliza. Mara umeme ukakatika, giza la kutoona hata kidole. Shoga yangu akaimba hivyohivyo, akafika katikati, pumzi ikamwishia, akanyamaza.

Sauti haikunyamaza. Sauti yake mwenyewe jamani, inaendelea mle gizani, naye kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili!

"Hapo sawa, binti!" mwalimu akapaza sauti mlangoni. "Ndiyo hiyo! Rudia!"

Mstari ukaisha, kukawa kimya. Halafu, karibu kabisa na sikio lake, kitu kikavuta pumzi, ndefu, taratibu, ya kuanzia tena.