Salamu katika Duka la Shangazi Fidelia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, tarehe kumi na tano Desemba, mlango wa duka la vitenge la Shangazi Fidelia mjini Makambako ulikuwa wazi, na ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani. Zipora, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuja likizo kutoka Mjimwema, alikuwa akipanga vitenge juu ya meza.

"Nakwenda stendi kupokea mzigo," alisema Shangazi akichukua mwavuli. "Kila anayeingia mpe salamu ya sikukuu. Mama Rejoice wa kwaya akija, mpe vile vitenge kumi na vinne. Fundi anavisubiri. Visipofika leo, kwaya itaimba Krismasi na sare kuukuu. Ukinifanyia haya vizuri, meza hii ya kuuzia ni yako mpaka shule zifunguliwe."

Zipora aliona kazi ni nyepesi. Kwao Mjimwema, majirani wote aliowajua walisali kanisa moja, na Desemba salamu ilikuwa moja tu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe ya kufuma.

"Heri ya Krismasi, babu!"

"Ahsante, mjukuu wangu," alijibu mzee akicheka. "Nanyi sherehekeeni vizuri. Mimi yangu ni Idi."

Alinunua kitenge akaenda zake. Hakukasirika, lakini Zipora alihisi mashavu yakiwaka. Akaamua kutafuta salamu isiyotaja dini. Akaingia Mzee Hezekia, mkulima wa viazi, koti lake limelowa mabegani.

"Heri ya sikukuu, babu."

"Sikukuu ipi? Sabasaba?"

"Hii... hii inayokuja."

"Inayokuja ina jina, binti. Au mmemfuta Yesu kwenye kalenda?"

Vijana wawili waliokuwa wakichagua vitambaa vya mashati wakaangua kicheko. Zipora aliinamia vitenge vyake. Salamu yenye jina ilikosea, isiyo na jina nayo ikakosea. Basi, aliwaza, dawa ni kumtazama mtu kwanza, kisha kumpa salamu inayofanana na mavazi yake.

Punde akaingia mama aliyejifunika mtandio mweusi kuanzia kichwani hadi kidevuni. Zipora hakumfahamu. Alimtazama vizuri, akajiamini.

"Asalaam aleikum, mama!"

Yule mama akasimama. Mmoja wa vijana akapiga kofi mezani. "Mama Rejoice, umehama kanisa lini? Jumapili nani ataongoza kwaya?"

Wakacheka tena. Mama Rejoice akashusha mtandio. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama limemeza chungwa.

"Jino linanitesa siku ya tatu," alisema kwa shida. "Na baridi hii ikilipiga ni balaa. Nimekuja hapa niwe kichekesho?"

Akageuka, akatoka. Vitenge kumi na vinne vikabaki rafuni.

Zipora hakuelewa. Alikuwa amejitahidi mara tatu, na kila mara mambo yalizidi kuharibika.

Saa tatu na nusu Shangazi alirudi. "Mama Rejoice amekuja?"

Ingekuwa rahisi kusema hajaonekana. "Amekuja, Shangazi. Nimemkosea, akaondoka." Akaeleza yote kwa mpangilio, bila kumtupia lawama mtu yeyote.

Shangazi hakufoka. Aliweka mwavuli chini.

"Hao watatu wote ni wakubwa kwako. Uliwaamkia?"

Kwa kuisaka salamu ya sikukuu, Zipora hakuwa amemwamkia hata mmoja.

"Kosa la kwanza ni langu, nilikuagiza juu juu," alisema Shangazi. "Makambako ni njia panda. Wanapita wa Songea, wa Mbeya, wa Dar, na kila mtu na imani yake. Nguo haikwambii mtu anasali wapi. Kwa baridi yetu hii hata mchungaji anajifunika gubigubi. Anza na shikamoo, hiyo ni ya kila mkubwa. Halafu sikiliza. Akikutajia sikukuu yake, mtakie heri hiyo hiyo. Asipotaja, mkaribishe, muulize anataka nini. Usichokijua kuhusu mtu, usikibuni. Sasa beba vitenge vya kwaya, umpelekee; nimempita barazani kwa fundi, hapo ng'ambo ya barabara."

Zipora alivuka barabara. Mama Rejoice alikuwa ameketi barazani kwa fundi, mkono shavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi. Sikukucheka. Nilikisia tu kwa sababu ya mtandio."

Mama Rejoice aliinua uso. "Fidelia ndiye kakutuma useme hivyo?"

"Kanituma mzigo, mama. Radhi naomba mwenyewe."

Mama Rejoice alitaka kucheka, jino likamkataza. Akapokea vitenge, akavihesabu, akampa fundi.

"Haya. Heri ya Krismasi, mwanangu."

"Na kwako pia, mama. Heri ya Krismasi."

Saa nne kamili fundi alikunjua kitenge cha kwanza, akachukua mkasi, akaanza kukata.