Nilikubali Baba Mdogo Aandikwe Mzazi Wetu

Siku ile tulikuwa watu watano ndani ya saiba, kibanda cha kompyuta za kukodi: mimi, dada yangu Kendi, baba mdogo Gitonga, mke wake Mama Kinya, na Purity, msichana anayejazia watu fomu. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema. Siwezi kudai kwamba kuna aliyenilazimisha...

Nina miaka ishirini na saba. Kazi yangu ilikuwa kusukuma mkokoteni katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki nyumbani kwetu Ruiri. Kabla mwaka haujaisha, mama alipelekwa Embu kutibiwa, akafia huko hospitalini. Niliacha shule ili Kendi asiache. Tangu hapo nimebeba viazi, ndizi, kabichi... kila kitu isipokuwa kitabu!

Kendi hakuniangusha. Alifaulu na kuitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Nililia mbele ya wateja, ndugu zangu. Mwanamume mzima, nimeshika mkokoteni, machozi yananitiririka!

Ikabaki kuomba ufadhili na mkopo wa serikali. Unajaza fomu kwenye kompyuta, unaeleza wazazi wako ni akina nani, wanafanya kazi gani, mnaishi vipi. Kisha familia zinapangwa kwa makundi. Asiye na kitu analipiwa karibu karo yote. Anayejiweza anajilipia sehemu kubwa. Mimi sikuyajua hayo. Kendi aliyajua, maana alikuwa amesoma maelezo yote kwenye simu ya rafiki yake.

Baba mdogo ni ndugu ya baba yetu, wa tumbo moja. Ni naibu wa mwalimu mkuu, tena mzee wa kanisa. Kwetu, ndugu ya baba ni baba, na ndivyo tulivyolelewa kumwita. Tangu mazishi yeye ndiye aliyekuwa akilima shamba letu la ekari mbili, akisema anatutunzia. Alipojitolea kutusindikiza hadi saiba, nilimwona kama malaika.

Purity aliuliza, "Wazazi wako hai ama walikufa?"

Kabla Kendi hajafungua mdomo, baba mdogo alisogeza kiti. "Baba ni mimi. Andika Gitonga. Kitambulisho ndio hii."

"Lakini Baba," Kendi alisema polepole, "hapo wanataka waliotuzaa. Tukiandika sisi ni yatima tutasaidiwa zaidi."

"Yatima?" Mama Kinya alipiga makofi. "Purity, umesikia hiyo? Tumekaa hapa na matumbo yetu, na tunaambiwa tulikufa!"

Purity alicheka. Baba mdogo hakucheka. Alisema yatima ni mtoto asiye na watu, na kwamba hakuna mtoto wa ukoo wetu atakayeandikwa hivyo yeye akiwa bado anapumua. Kisha akanigeukia. "Mutethia, wewe ndiye mkubwa. Sema."

Nami nikasema... "Andika Baba. Na wewe Kendi, nyamaza wazee wakiongea."

Purity akaandika. Mwalimu. Mshahara wa kila mwezi. Nyumba ya mawe. Nililipa shilingi mia mbili, nikashukuru.

Majibu yalipokuja, Kendi alinisomea sokoni. Alikuwa amewekwa katika kundi la familia zinazojiweza! Tulitakiwa kulipa zaidi ya elfu mia moja kwa mwaka. Nilimwambia asome tena. Alisoma tena. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenitukana.

Nilikimbia Ruiri siku hiyo hiyo. Niliamini baba mdogo atalipa. Si alijiita baba mbele ya watu? Nilimkuta akinywa chai. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mdomo, akasema, "Mimi niliwapa jina. Sikuwapa mfuko."

Mama Kinya akaongeza kutoka jikoni, "Mtu wa mkokoteni naye anataka muuguzi! Si aoe mmoja?"

Walicheka. Nilisimama pale na kofia yangu mkononi...

Iliwezekana kukata rufaa. Kendi alichunguza kilichotakiwa: vyeti vya kifo vya wazazi wote wawili, barua ya chifu, na barua ya baba mdogo mwenyewe ikieleza kwamba yeye si mzazi wetu. Chifu alitusaidia upesi na cheti cha baba. Cha mama hakikuwa kimewahi kuchukuliwa. Nilienda Embu mara tatu. Mara ya kwanza walitaka kibali cha mazishi, ambacho nilikitafuta nyumba nzima. Mara ya pili, wa kutia sahihi hakuwepo. Mara ya tatu nilikipata, nikaketi kwenye ngazi za ofisi, nikakisoma kama mtoto anayejifunza kusoma. Jina la mama, na siku aliyotuacha. Miaka kumi sikuwa nimeiona siku hiyo ikiwa imeandikwa mahali!

Ikabaki barua ya baba mdogo. Akakataa! Nilimsihi. Karatasi moja tu, Baba, haitakugharimu kitu. Ndipo aliponijibu neno ambalo sitalisahau.

"Nikiandika mimi si baba yenu, hiyo shamba nitakuwa nalima kama nani?"

Kumbe! Kumbe ule ubaba wa saiba haukuwa wa kutuondolea aibu. Ulikuwa wa ekari mbili. Na mimi ndiye niliyempa, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.

Ningefanya nini? Niende kortini kwa pesa gani? Siku za kuripoti chuoni zilikuwa zinahesabika, na asiyeripoti anapoteza nafasi. Nilimwambia alime. Aliandika karatasi mbili. Ya kwanza ilisema yeye si mzazi wetu. Ya pili ilisema nimemwachia shamba kwa miaka kumi bila kudai hata debe moja la mahindi. Nilitia sahihi ya pili ili anipe ya kwanza. Makaburi ya wazazi wetu sasa yako katikati ya mahindi yake.

Rufaa ilikubaliwa, ndiyo. Lakini majibu yalikuja baada ya siku ya kuripoti, na bila nusu ya karo Kendi hangesajiliwa. Niliuza mkokoteni. Pesa hazikutosha... Nilikuwa nimeketi kwenye kreti tupu pale Gakoromone, nimeshika kichwa, Mama Zainabu aliponiona. Huyu ni mama muuza maharagwe ambaye nimembebea magunia miaka sita.

"Wewe Mutethia, umekaa kama bwana harusi! Mkokoteni iko wapi?"

Nilimweleza yote. Alifungua fundo la leso yake, akatoa pesa alizoweka za kununulia mzigo wa kuuza Ramadhani. Elfu thelathini na tano. Nikamwambia nitamwandikia hati ya deni.

"Usiniandikie kitu," alisema. "Wewe umeandika karatasi za kutosha."

Kendi alisajiliwa siku ya mwisho, ofisi zikikaribia kufungwa. Sasa yuko mwaka wa pili, na anasoma.

Ndugu zangu wasomaji, hasa nyinyi mnaolea wadogo zenu... kama wazazi wenu walikufa, andikeni kwamba walikufa! Si aibu. Tafuteni vyeti vya kifo mapema, kabla hata matokeo ya mtihani hayajatoka. Msimwachie mtu kiti cha mzazi kwenye fomu kwa sababu ana tai na sauti nzito. Na kama mdogo wako amesoma maelezo na wewe hujayasoma, mwache aongee! Mimi nilijiona mkubwa. Ukubwa wangu ulitunyang'anya shamba.

Siku hizi nabeba magunia kwa mgongo, maana mkokoteni mwingine sijanunua. Soko likiisha nampelekea Mama Zainabu nilichopata. Mara mia mbili, mara hamsini. Meza yake imekuwa ndogo tangu Ramadhani ile. Anauza maharagwe ya aina moja pale alipokuwa na aina tano, na wateja wake wengine wamehamia kwa jirani. Hajawahi kuniuliza pesa zake, hata siku moja.

Nimebakisha elfu kumi na tisa.