Matundu ya Sindano Kwenye Pazia Jeusi

"Zima simu! Hiyo simu izime kabisa!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mchumba wangu aliyoniambia baada ya wiki tatu za ukimya. Nilikuwa nimepenya pazia jeusi la maabara yake, pete ya uchumba nimeivua, iko kiganjani, nimekuja kuirudisha.

"Nimekutumia meseji kumi na moja," nikamwambia. "Ukajibu moja tu: 'Ngoja kwanza nihesabu punje.' Punje za nini, mwanaume? Mahindi?"

"Za mwanga, mama. Hiki kijipande cha kioo, kidogo kama ukucha, kinazitoa mbilimbili kama pacha. Kazi yangu kuzihesabu. Sasa mashine inahesabu hata nikikizima!"

"Ndiyo unikimbie?"

"Mkuu wa maabara amesema hadi Ijumaa isiposoma sifuri nikikizima, nafungasha virago. Nikuoe na aibu hiyo?"

"Kwani naolewa na mashine?"

Akanisogezea kiti. Kisha, kwa sauti ndogo:

"Kaa kidogo. Macho yazoee giza."

Tukakaa, magoti yakigusana. Zikapita kama dakika ishirini. Ndipo nikaviona: vinyota vyembamba, vimejipanga mstari mmoja, juu hadi chini. Pazia lile nililishona mimi, mita kumi na mbili, na ndilo lililotukutanisha. Ningenyamaza, nani angejua?

"Unaona nini?" akauliza.

"Mshono wangu. Taa ya nje inapita kwenye matundu, ndiyo mashine inayoihesabu."

"Matundu gani?"

"Ya sindano ya jinzi, ile nene. Nilishona nikafumua, nikashona tena nikafumua. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, mshono ukawa unapinda kila mara."

Nikajua nimeshaachwa. Mara akacheka mpaka akashika meza.

"Kumbe mwizi wa hesabu zangu ni wewe!"

"Leta utepe mweusi, acha maneno."

Nikaubandika utepe juu ya mshono gizani, kwa kupapasa, yeye akinishikia upande wa pili. Akakizima kijipande, akainama kwenye mashine.

"Sifuri," akanong'ona. Akakiwasha. "Zinakuja! Pacha watupu! Ile pete iko wapi?"

"Kidoleni. Ulidhani wapi?"

Alipostaafu, wenzake walimpa lile pazia. Nimelitundika dirishani chumbani kwetu, na utepe nimeubandua kwa mkono wangu. Asubuhi jua likipanda, vinyota vile hutua kifuani mwake. Navihesabu polepole, mpaka mzee wangu aamke.