Nzi Asiye na Kwao

Haya, sogeeni karibu, watoto. Aliyechoka amwegemee mwenzake. Hadithi hii nayo imechoka, kwa hiyo tutaisoma polepole.

Saru aliishi na mama yake kwenye milima ya Taita. Huko ukungu hushuka mapema. Kuku nao huenda kulala mapema.

Siku hiyo Saru alikuwa hoi. Alikuwa ametoka shule kwa miguu, akapanda mlima wote. Alitaka kitu kimoja tu: Mama aje walale, mgongo kwa mgongo.

Lakini Mama hakuweza kulala. Mama alikuwa na kazi ya nzi.

Si nzi wa chooni, msicheke. Walikuwa nzi wadogo wa kijani, wenye kung'aa. Miguu yao ilikuwa mirefu, mirefu kupita kiasi.

Walikuwa wamekufa zamani, wakakauka. Kila mmoja alikaa juu ya pini yake. Kazi ya Mama ilikuwa kuwapanga, kila ukoo ndani ya kisanduku chake.

"Asubuhi gari la makumbusho linakuja kuwachukua," alisema Mama. "Nikimaliza, tutalala."

Mama akatazama kwa lenzi. "Huyu ana miguu ya manjano. Aende kwa wenye miguu ya manjano." Tik. Pini ikaingia.

"Huyu ana manyoya meusi kwenye wayo, kama bendera. Aende kwa wenye bendera." Tik. Pini ikaingia.

Mama akapiga mwayo. Aaah-waaa. Saru naye akapiga mwayo. Aaah-waaa. Na wewe unayesikiliza, nimekuona.

Mwishowe akabaki nzi mmoja. Miguu yake haikuwa ya manjano. Bendera hakuwa nayo.

Mama akamjaribu huku. Hakufaa. Akamjaribu kule. Hakufaa. Saru akamwimbia kwa sauti ndogo ya usingizi:

Miguu mirefu, mwili wa kijani,
kwenu ni wapi, niambie jamani?

"Mama, si umweke popote tu?"

"Nikimweka popote, watu watamwita jina lisilo lake," alisema Mama. "Wewe ungependa kuitwa jina la jirani?"

Saru akamfikiria jirani. "Sipendi."

"Basi ningoje kidogo, mwanangu."

Saru aliijua hiyo kidogo ya Mama. Ilikuwa ndefu kuliko miguu ya nzi.

Machozi yakamlengalenga. Alimchukia nzi yule. Halafu akamhurumia, maana alikuwa peke yake mezani.

Saru akatoka kwenda kunawa miguu bombani, nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa bado lipo, limebaki kidogo. Maji yakadondoka, to, to, to.

Karibu na bomba palikuwa na majani ya maboga. Juu ya jani moja palikuwa na nzi wa kijani, mzima kabisa. Wayo wake ulikuwa na bendera nyeusi.

Akainua mguu. Pepe, pepe, pepe. Akaupunga mbele ya nzi mwingine, na huyo mwingine hakuwa na bendera.

Saru akatulia tuli. Kwenye jani la pili mambo yalikuwa yale yale. Mwenye bendera alicheza, asiye na bendera alitazama.

"Mama, njoo uone."

Mama akaja akijikokota. Wakachuchumaa wote wawili, wakatazama. Pepe, pepe, pepe.

"Yule mwenye bendera ni nani?" aliuliza Saru.

"Ni dume. Anacheza ili apendwe."

"Na yule mwingine?"

Mama akainama karibu na jani. Kisha akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ni jike. Na mimi nimetazama miguu mchana kutwa. Bendera ni ya madume tu, Saru."

"Basi wa mezani ni jike wa hawa."

"Labda. Tumtazame bawa kwanza. Tukikosea sasa, tumekosea kabisa."

Wakarudi ndani. Mama akamshikia Saru lenzi. Ndani ya bawa la nzi yule wa peke yake palikuwa na mshipa mwembamba sana.

"Umenyooka," alisema Saru. "Halafu umepinda. Kama kiwiko."

"Sasa watazame wenye miguu ya manjano."

Saru akatazama. "Wao umenyooka mpaka mwisho."

"Na wenye bendera?"

Saru akatazama huyu, akatazama na yule. Kila bawa lilikuwa na kiwiko chake.

"Ni wao, Mama. Ni wao."

Tik. Pini ikaingia, na nzi yule akawa pamoja na wenzake. Saru akamwimbia tena:

Miguu mirefu, mwili wa kijani,
kwenu ni hapa, kaa nyumbani.

Mama akafunika visanduku. Akanyoosha mgongo. Kah! Mgongo ukalia.

Wakapanda kitandani, mgongo kwa mgongo. Blanketi lilikuwa zito na zuri. Nje ukungu ulikuwa umefunika maboga yote.

"Mama," alinong'ona Saru. "Mimi nawe tunafanana wapi?"

"Mmm," alisema Mama. "Tunafanana kwenye..."

Saru akangoja. Mama hakumaliza. Mama alikuwa amelala fofofo. Hrrr, fyuu. Hrrr, fyuu.

Saru hakumwamsha. Alitafuta mwenyewe, gizani, kwa miguu yake. Akagusa kisigino cha Mama. Akagusa vidole vya Mama, kimoja kimoja.

Kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa, kilikuwa kimepinda kwa ndani. Saru akagusa chake. Nacho kilikuwa kimepinda vivyo hivyo.

Akakiacha pale pale, kando ya cha Mama, akalala.